Nishani Upande wa Kushoto

Jumamosi, tarehe tisa Novemba. Kulikucha na manyunyu, yale manyunyu ya kuudhi yasiyokulowanisha kiasi cha kukubakiza ndani, wala yasiyokuacha utoke ukiwa mkavu. Upepo ulivuta mapazia ya sebuleni ukayarudisha, ukayavuta tena. Katikati ya sebule hiyo alisimama mama mmoja mtu mzima, ambaye mtaa mzima humwita Sista. Alikuwa ameshika koti lake la kijani, na hasira zilikuwa zimempanda hata miwani imemtelemka puani asijue.

Kilichomkasirisha kilikuwa kitu kidogo: vitanzi viwili vya uzi. Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, ni fundi cherehani mwenye mkono mzuri. Alikuwa amevishona kifuani mwa koti ili pini ya nishani ipite humo isitoboe kitambaa. Kazi safi, huwezi kuitia dosari. Ila alikuwa amevishona upande wa kulia.

"Mkwe wangu, hivi ni nini?"

"Vya nishani, mama. Hilo koti ni jepesi, pini ingelichana."

"Nimeona. Mbona kulia?"

Mkwe akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini viatu huvaliwa miguuni. "Si ndiyo utaratibu? Mwenyewe kushoto, mjane kulia. Mume wangu ndiye aliyenionyesha, mpaka akaniwekea alama ya chaki."

Utaratibu ulikuwa huo kweli. Aliyekwenda vitani huvaa nishani yake kushoto, juu ya moyo. Akifa, mkewe au mtoto wake anaweza kuivaa, lakini kulia, ili kila anayemtazama ajue kwamba heshima ile ni ya kurithi. Hata askari mgeni ambaye hamjui mtu yeyote ukumbini hutupa jicho mara moja tu vifuani, akajua nani alipigana na nani anaomboleza.

Sista hakuwa anaomboleza. Mumewe, marehemu Sajini, alikuwa amefariki mwaka wa pili sasa, na machozi ya kumlilia yalikuwa yamekwisha kulika. Jambo lililomkaa kooni asubuhi ile lilikuwa jingine. Nishani ile haikuwa ya mumewe. Ilikuwa yake yeye.

Majeshi ya nchi tatu yalipigana upande mmoja katika vita ile, na yalipomaliza, wakubwa wa nchi hizo walikubaliana kutoa nishani ya aina moja kwa wote: shaba ileile, utepe uleule wenye mistari mitatu, kwa kila aliyekaa mstari wa mbele mpaka mwisho, awe nani. Sista aliipata kwa sababu alikuwa muuguzi katika hospitali ya vita iliyofunguliwa ndani ya kinu cha unga kilichoachwa na wenyewe. Sajini aliipata kwa sababu alikuwa dereva wa lori lililoleta majeruhi kinuni hapo. Ndiko walikokutana. Wakaoana vita ilipokwisha, nyumba moja, nishani mbili mfano wa mapacha.

Kisha ukaja mwaka ambao wapiganaji walitolewa kambini wakaambiwa kila mtu atafute pa kwenda. Sajini alirudi nyumbani siku hiyo, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja chooni uani na kuitumbukiza nishani yake katika shimo la choo, huku akiwatukana wakubwa wa nchi zote tatu kwa sauti ambayo majirani waliisikia yote. Sista alimwelewa. Hakumsema hata kidogo.

Lakini mwaka uliofuata palitangazwa gwaride la kumbukumbu, na Sajini, ambaye hasira zake hazikuwahi kukaa muda mrefu, alitaka kwenda. Akamjia mkewe akijikuna shingo. "Mke wangu, niazime yako. Kwa leo tu."

Sista akacheka. Walikuwa vijana, alikuwa anampenda, na ni nani angejua? Akambandika nishani kifuani kwa mkono wake mwenyewe, kushoto, akampangusa vumbi mabegani. Akabaki nyumbani kwa kuwa nishani ilikuwa moja na wao walikuwa wawili.

Ile leo haikupata kwisha. Kila gwaride Sajini alivaa, kila gwaride Sista alipiga kola pasi na kubaki. Mwanzo kwa mapenzi, baadaye kwa mazoea, mwishowe kwa kuwa hakujua aanzie wapi kusema. Watu wakasahau kwamba sista yule wa zahanati ya mtaa aliwahi kuona vita. Wakadhani ameitwa Sista kwa sababu ya zahanati.

Mkwe alipokwenda chumbani kuvaa, mwanawe aliingia sebuleni akifunga tai. Alikuwa katibu wa chama cha wapiganaji wastaafu, kazi aliyopewa kwa heshima ya baba yake, na siku hiyo ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa gwaride na hafla yake ukumbini. Mabalozi wa nchi zile mbili rafiki walikuwa wanakuja kutoa kibati kipya cha shaba, cha kubanwa juu ya utepe wa nishani ya zamani, kukumbuka vita ya kinuni. Kibati kilichoandikwa jina la mwenye nishani.

"Nishani iko wapi?" Sista akamuuliza. "Nimefungua kisanduku, hakina kitu."

"Kapteni, mwenyekiti wetu, alipita kuichukua jana, mama. Itakaa juu ya mto mbele, pembeni ya picha ya baba. Balozi atabana kibati, halafu atakuvisha wewe. Upande wa…"

"Naujua upande. Mkeo ameshaushona." Akaliweka koti juu ya kiti. "Hebu niambie. Nishani ile ni ya nani?"

Mwanawe akaiacha tai nusu imefungwa. "Mama, tafadhali."

"Nimekuuliza swali jepesi."

"Yako. Najua ni yako. Nimejua tangu nikiwa mdogo, wewe ndiye uliyenisimulia." Akashusha sauti. "Lakini si leo. Baba yuko kaburini. Nikisema leo, watu wote watajua alikuwa anavaa nishani ya mkewe. Watamcheka mpaka mifupa imuume."

"Na mimi?"

"Wewe uko hai, mama. Unaweza kuvumilia."

Alisema hivyo bila ubaya, jinsi mtu anavyosema mvua itakatika. Na ndiyo maana ilichoma zaidi. Sista alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Alitaka kumjibu, akaogopa jibu lenyewe, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Akapiga magoti kando ya kitanda kama alivyozoea kila asubuhi. Akaomba: Ee Mungu, niondolee hasira hii, nisije nikamvunjia mwanangu heshima mbele za watu, nisije nikamvunjia marehemu heshima. Akangoja. Goti lilimuuma, manyunyu yakagonga dirisha, na hasira ilikuwa palepale, moto vilevile. Akangoja tena. Mwisho akainuka, akafikiri kwamba aliyeombwa ameisikia sala vizuri kabisa, na kama hajaiondoa hasira, basi huenda ana kazi nayo.

Aliporudi sebuleni, mkwe alikuwa amekaa na lile koti mapajani, mkasi mdogo mkononi. Vitanzi vya kulia vilikuwa vimekwisha kufumuliwa, naye alikuwa anapitisha uzi upande wa kushoto.

"Nimesikia," mkwe akasema bila kuinua uso. "Ukuta wenyewe huu wa mbao."

"Mumeo atakuuliza."

"Nitamwambia cherehani ilikosea."

"Umeshona kwa mkono."

"Basi mkono ulikosea. Vaa, mama, tutachelewa."

Ukumbi ulinuka rangi mpya na viatu vilivyolowa. Mbele palikuwa na jukwaa, na mbele ya jukwaa meza yenye kitambaa cheupe, picha kubwa ya Sajini akitabasamu na, juu ya mto wa mahameli, nishani. Askari kijana aliilinda, mikono nyuma. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na viti vyenye mito kwa waliopigana. Upande wa pili kulikuwa na mabenchi ya wajane.

Kapteni mstaafu, mwenyekiti wa chama, alikuja kumpokea akiegemea fimbo yake, uso umejaa tabasamu. "Shemeji! Karibu, karibu shemeji yangu. Benchi la mbele ni lako."

Shemeji. Ndivyo alivyomwita tangu siku alipoolewa na Sajini. Sista aliketi. Alitazama zile sura za wajane wenzake, wanawake wema, wengi wao wakiwa wamepinda kwa uzee, na hakuwa na neno nao. Nafasi yao ilikuwa ya haki. Yake ndiyo haikuwa hapo.

Wageni wakaanza kuingia. Wakaja wazee wa nchi moja rafiki, wakaja wa nchi ya pili. Katikati yao akaingia bibi kizee mfupi, mweupe wa nywele kama pamba, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Kifuani mwake, kushoto, ulining'inia utepe wenye mistari mitatu.

"Yule naye nani?" Sista akamuuliza mkalimani aliyepita karibu.

"Huyo? Alikuwa muuguzi kwenye meli yao ya hospitali. Kwao wauguzi wote wamepewa. Huja kila mwaka."

Sista akamtazama bibi yule mpaka macho yakamwasha. Bibi naye akamwona anatazamwa, akaashiria asogezwe. Akamshika Sista mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno mengi kwa upole, akitingisha kichwa.

"Anakupa pole," mkalimani akasema. "Anasema ni uchungu mkubwa kumpoteza shujaa wako."

"Mwambie sijampoteza. Amekaa hapa, anaongea naye."

Mkalimani akakohoa. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usiongeze sukari."

Mkalimani akamwambia, sijui kwa maneno gani. Bibi akatabasamu kwa huruma zaidi, kama mtu anayedhani mwenzake amechanganyikiwa kwa msiba, akampigapiga mkono, akasukumwa kwenda kwenye viti vya waliopigana. Na ile huruma ndiyo iliyomaliza kazi. Dharau Sista angeweza kuimeza. Lakini kuhurumiwa kwa msiba wa nishani yake mwenyewe, na mtu aliyefunga bandeji zilezile, katika vita ileile! Alihisi kitu kikikatika ndani yake, na hakukiokota.

Mwanawe alikuwa amekwisha panda jukwaani. Sauti yake ikavuma kutoka kwenye kipaza sauti: "Sasa namkaribisha mjane wa marehemu Sajini, aje kupokea kwa niaba ya…"

Sista akainuka, akaenda moja kwa moja mezani, akainyoosha mikono na kuichukua nishani kutoka juu ya mto. Ilikuwa baridi na nzito kuliko alivyoikumbuka. Akapitisha pini katika vitanzi. Kushoto.

"Mama," askari kijana akanong'ona, uso umemtoka jasho, "samahani, mama. Ni kulia."

"Mwanangu, wewe simama wima, hilo unaliweza. Haya mengine niachie."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akazuia kicheko katikati. Kapteni alikuja mbio kadiri fimbo ilivyomruhusu. Bado alikuwa anatabasamu, lakini kwa meno tu.

"Shemeji, umechanganya upande. Hebu nikusaidie."

"Ukinigusa nitakupiga na fimbo yako mwenyewe." Hakuinua sauti. "Tangu lini mimi ni shemeji yako? Kinuni uliniita nani?"

Kapteni akatazama huku na huku. "Si mahali pake hapa."

"Ndipo mahali pake. Uliniita nani?"

"Watu wanatusubiri…"

"Uliniita Sista. Ulikuwa umeshika aproni yangu hivi, kwa ngumi, unalia unamwita mama yako, na mimi natafuta mshipa wako gizani huku unga unatuangukia kutoka darini. Unakumbuka unga? Ulikuwa unachanganyika na damu sakafuni ukawa kama uji, tunateleza. Wenzangu wawili walikufia mlangoni mwa kile kinu, wameshika machela. Umewahi kuwataja? Miaka yote unasimama hapa unataja majina, umewahi kuwataja hata kwa bahati mbaya?"

Kapteni akayahamishia macho kwenye picha ya Sajini.

"Sikusema," Sista akaendelea, "kwa sababu mume wangu alikuwa anaipenda siku hii. Nilimwazima. Ndiyo, sikilizeni vizuri, wajane wenzangu, na ninyi wazee mliovaa: nishani aliyoivaa Sajini ilikuwa yangu. Yake aliitumbukiza chooni kwa hasira, na alikuwa na haki ya hasira hiyo. Mnaotaka kucheka, chekeni sasa tumalize."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja katika viti vya mbele, aliyekuwa dereva pamoja na Sajini, akasema kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake, "Kweli aliitupa. Nilikuwapo. Tulitaka kuiopoa kwa fimbo ya kuvulia, ikashindikana." Hapo watu wachache wakacheka, lakini kicheko hicho hakikuwa na ubaya, na Sista mwenyewe nusura acheke, akajizuia kwa kuwa hakutaka hasira yake ipoe kabla haijamaliza.

Balozi mmoja alikuwa ameshuka jukwaani, kibati kidogo kinang'aa kiganjani, hajui ampe nani. Mkalimani alikuwa anamnong'oneza kwa haraka. Balozi akamsogelea Sista, akainama kwa adabu, akanyoosha mkono kutaka kukibana juu ya utepe wake.

"Hapana," Sista akasema. "Mwambie ahsante. Kibati hiki kimeandikwa jina la mume wangu, na mume wangu alistahili. Aliendesha lile lori chini ya mabomu, haikuwa mchezo. Kiweke hapo kwenye mto wake. Mimi sipokei kwa niaba ya mtu, na sitaki mtu apokee kwa niaba yangu."

Balozi akasikiliza tafsiri. Akakiweka kibati juu ya mto, mbele ya picha, taratibu, akarudi nyuma hatua moja na kumpigia Sajini saluti. Kisha akageuka akampigia Sista. Bibi wa nywele nyeupe, ambaye naye alikuwa ametafsiriwa yote, alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Sasa alikuwa hamhurumii tena. Alikuwa amekasirika, uso mzima umekuwa mwekundu, na alimnyooshea Kapteni kidole huku akisema maneno ambayo mkalimani alikataa kuyatafsiri.

Sista hakurudi kwenye benchi. Akaenda kwenye viti vyenye mito, akasimama mbele ya kiti kitupu, asikae. Kwa ndani alikuwa anasali, si sala ya maneno, ni jina tu la Mungu likipita na kurudi pamoja na pumzi.

Mwanawe akashuka jukwaani. Tai ilikuwa imemkaa upande, macho yamemwiva. Mkewe alikuwa ukutani amekumbatia mwavuli, anamtazama bila kupepesa. Mwana akafika kwa mama yake, akainamisha kichwa mpaka sikioni pake.

"Mama, nisamehe. Mwakani nitarekebisha. Nakuahidi."

"Unamwahidi nani?"

"Wewe, mama."

"Mimi umekuwa ukiniahidi sebuleni tangu ulipoanza ukatibu. Usininong'oneze." Akanyoosha mkono kuelekea jukwaani. "Mjane wa Sajini ulimtangaza kwa kipaza sauti. Rudi pale. Sema wakiwapo wote humu, mabalozi na wajane na huyo mwenyekiti wako, kila mtu akusikie, ili ukisahau wakukumbushe."

Kapteni akafungua mdomo. "Katibu, mambo haya kwanza tuyajadili kwenye kamati…"

"Kaa chini, mzee," akasema yule dereva mkongwe. "Unatuchosha."

Kapteni akakaa.

Mwanawe, ambaye hakuwa kijana tena, alipanda ngazi za jukwaa polepole. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kitamponyoka. Kikapiga mbinja. Akangoja kitulie. Alimtazama baba yake pichani, akamtazama mama yake aliyesimama bado.

"Mimi ni mtoto wa muuguzi wa kinuni," akasema. "Nilijua, nikanyamaza. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote mliomo humu: kabla ya gwaride lijalo nitakwenda na mama yangu kwenye kila ofisi inayohusika, mpaka kibati chenye jina lake kipatikane, na majina ya wenzake wawili waliofia mlangoni yasomwe hapa, yakiwa ya kwanza. Yasiposomwa, mimi sitasoma jina la mtu mwingine yeyote, hata la baba yangu."